Malale, Ubongo na Ulimi: Funzo Kutoka Mwambao wa Ziwa Mweru

Msomaji wa Kiswahili asikiapo jina la Kilwa, fikra zake huelekea mara moja pwani, kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na habari za masultani wake. Lakini iko Kilwa nyingine, mbali na maji ya chumvi. Ni kisiwa kilichomo katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, katika wilaya ya Nchelenge. Ng'ambo ya magharibi, katika nchi ya Kongo, uko mji wenye jina hilo hilo, na huko Kiswahili cha Katanga husemwa hadi leo. Basi ziwa hili si geni kwa lugha yetu. David Livingstone alipolifikia mwezi Novemba 1867, wafanyabiashara wasemao Kiswahili walikwisha kuingia katika nchi ya Kazembe. Mwaka huo huo Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama mashariki ya ziwa, naye aliisimulia habari hiyo katika kitabu cha maisha yake, ambacho walimu wengi wa lugha wanakifahamu.

Katika makala haya hatukusudii kueleza biashara wala vita. Twakusudia kueleza jambo ambalo historia zetu hulipita kwa haraka, yaani ugonjwa uliofika ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, ukaingia katika ubongo wa watu na kuwanyang'anya usemi. Twaamini kwamba habari hii inamhusu mwalimu wa lugha kama inavyomhusu tabibu.

Ugonjwa wenyewe ni malale. Jina hili latokana na kitenzi kulala. Huko Uganda uliitwa mongota, neno litokanalo na kusinzia. Majina yote mawili yameshika usingizi, kwa kuwa ndio dalili iliyoonekana na kila mtu. Lakini usingizi si dalili pekee. Vimelea vya malale huletwa na mbung'o. Kwanza huenea katika damu na tezi, na mgonjwa hupatwa na homa, maumivu ya kichwa na uvimbe wa tezi za shingoni. Baadaye hupenya na kuingia katika ubongo na maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo mtu anapoanza kubadilika. Husinzia mchana na kukesha usiku. Tabia yake hugeuka, naye aliyekuwa mpole huweza kuwa mkali. Mikono na ulimi hutetemeka. Maneno yake huwa mazito na sauti hufifia. Huanza sentensi asiimalize. Mwishowe hunyamaza kabisa, kisha hupoteza fahamu, na asipotibiwa hufa.

Mlipuko mkubwa uliojulikana zaidi ulikuwa kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Uganda, ambako hukadiriwa kwamba watu wapatao 250,000 walikufa kati ya 1900 na 1920. Huko Entebbe, Aldo Castellani aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba mbung'o ndiye mwenezi. Kusini zaidi, katika bonde la Luangwa, iligunduliwa aina nyingine iliyo kali na ya haraka, nayo ikapewa jina la Rhodesia mwaka 1910.

Mweru na mto Luapula havikusalimika. Nchi hiyo ilikuwa chini ya kampuni ya British South Africa, na maofisa wake waliamua kuwatenga watu na mbung'o kwa kuwahamisha. Watu wa bonde na mwambao waliamriwa kuacha vijiji vyao na kupanda nyanda za juu. Uvuvi na safari za majini zikawekewa marufuku. Kwa watu waliokula samaki, waliouza samaki na kuoana na watu wa ng'ambo, amri hiyo ilikuwa sawa na kukatwa mkono. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, aliyeandika mwaka 1981 juu ya madhara ya malale katika Mweru-Luapula, aliyachunguza mambo hayo kwa miaka ya 1906 hadi 1922. Tukumbuke basi kwamba jambo hili halikuwa la msimu mmoja. Mtoto aliyehamishwa akiwa mgongoni mwa mama yake aliweza kurudi ziwani akiwa kijana asiyejua kutupa wavu.

Hapa pana jambo la kutafakari. Katika siku hizo wapimaji walitegemea sana kupapasa shingo ili kutafuta tezi zilizovimba. Dalili hiyo ilikuwa imeandikwa tangu 1803 na Thomas Winterbottom, tabibu aliyefanya kazi Sierra Leone, ambaye alieleza kwamba hata wafanyabiashara ya watumwa waliijua na kukataa kumnunua mtu mwenye tezi kama hizo. Mkono ulipapasa shingo, lakini sikio halikukaribia mdomo. Mgonjwa wa malale aliyesema polepole, au aliyesahau alichoulizwa, aliweza kudhaniwa mvivu, mlevi au mwendawazimu. Aliyepotewa na maneno hakuweza kujitetea, na aliyekuwa nayo bado, akaeleza kwamba kuuacha mto ni kuacha chakula, hakusikilizwa na watawala. Wote wawili walinyamazishwa, mmoja na kimelea, mwingine na amri.

Elimu ya ubongo na usemi ilikuwa imekwisha kuanza huko Ulaya. Mwaka 1861, mjini Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa mbele, kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza hali nyingine: mgonjwa husema kwa wepesi, lakini maneno yake hayana maana, naye haelewi vema aambiwayo. Tangu hapo imejulikana kwamba kusema na kuelewa ni kazi mbili zishirikianazo, na kwamba moja yaweza kuharibika zaidi ya nyenzake. Kiharusi huweza kupiga mahali pamoja na kuacha pengo la namna hiyo. Malale ni tofauti. Huenea katika ubongo wote, na usemi hufifia kama taa inayoishiwa mafuta.

Kwa watu wa Mweru, ambao wengi wao husema lugha zaidi ya moja, jambo jingine lafaa kujulikana. Mwaka 1895 Albert Pitres, tabibu wa Ufaransa, alieleza kwamba mwenye lugha nyingi apatwapo na maradhi ya ubongo, lugha aliyokuwa akiitumia zaidi ndiyo hurudi kwanza. Kanuni hiyo haikuthibitika kwa kila mgonjwa, lakini yatufunza kutomhukumu mtu kwa lugha moja tu.

Lugha yetu yenyewe ina hazina ya maneno ya kupambanua hali hizi, na walimu wanayo sababu ya kuyafundisha kwa usahihi. Bubu si sawa na mwenye kigugumizi. Kithembe ni kasoro ya matamshi, wala si upungufu wa akili. Mwenye homa kali hupayapaya, na aliyelala huweweseka. Mtu humung'unya maneno pale ulimi unaposhindwa kuyatamka, na hubwabwaja pale maneno yanapotoka tele bila maana. Anayetumia maneno haya ovyo ovyo humnyima daktari habari, na humwongezea mgonjwa aibu.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni ya kale. Ni kweli kwamba malale yamepungua sana. Dawa za zamani zilikuwa za hatari: atoksili, aliyoitumia Robert Koch katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Tangu 2018 iko dawa ya kumeza, feksinidazoli, na tangu mwaka huo wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka hawafikii 1,000.

Lakini ugonjwa mwingine ungali unawanyang'anya watoto maneno, nao ni malaria. Nchelenge ni mojawapo ya wilaya za Zambia zenye malaria nyingi, nayo huko haina msimu wa kupumzika. Malaria ikipanda ubongoni huleta degedege na kupoteza fahamu, na si kila apataye nafuu hutoka salama. Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka pwani yetu, Kilifi, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1989. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005, watoto wa miaka 6 hadi 9 waliokuwa wamepata malaria ya ubongo walipimwa miaka kadhaa baadaye. Takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu fulani wa akili, usemi au viungo, hali ambapo kwa watoto ambao hawakuugua hivyo alikuwa mmoja katika kumi. Nao watafiti walilazimika kwanza kutengeneza vipimo vilivyofaa lugha ya watoto, Kigiriama. Huwezi kupima usemi wa mtoto kwa lugha asiyoisema nyumbani.

Walimu wenzetu, hapa ndipo historia inapoingia darasani. Mtoto akaaye nyuma, ajibuye kwa neno moja, asahauye jina la kitu anachokiona, huitwa mzito na kuchekwa. Pengine alikuwa msemaji hodari kabla ya degedege. Yatupasa kumwuliza mzazi kama mtoto aliwahi kuugua hivyo. Yatupasa kumpa muda wa kujibu bila kumkatiza, kumjaribu kwa lugha ya mama yake kabla ya kumhukumu kwa Kiswahili, na kumpeleka kwa mganga wa hospitali tunapoona usemi wake ukirudi nyuma. Mambo haya hayahitaji fedha. Yahitaji sikio.

Wahenga walisema, usione kimya kikuu kina mshindo mkuu. Waliohamishwa kutoka mwambao wa Mweru walikuwa na mengi ya kusema, na hawakuulizwa. Watoto wetu wawepo mbele ya walimu watakaowauliza, kisha wakangoja jibu.