Kwa Nini Televisheni Inaikataa Diski

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huwaachia mafundi. Mtu amenunua diski ya nje, ile ambayo vijana wa mjini huiita eksteno. Humo amejaziwa filamu, au amehamishia picha za harusi yake. Anaichomeka kwenye televisheni, taa inawaka, halafu kioo kinamwandikia kwamba faili haisomeki. Faili hiyo hiyo kwenye kompyuta inacheza bila taabu. Hapo lawama huanza: mara televisheni ni feki, mara aliyeuza diski ni tapeli. Mara nyingi vyombo vyote viwili ni vizima. Kinachokataa ni mapatano ya makampuni, yaliyofanyika mbali na miaka mingi iliyopita, na historia yake ni ndefu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na deki. Mwaka 1975 Sony ilitoa Betamax, na mwaka uliofuata JVC ikatoa VHS. Kanda ya huyu haikuingia katika mashine ya yule. Mwaka 1976 huo huo makampuni ya sinema ya Universal na Disney yaliishitaki Sony, yakidai kwamba kuwauzia watu mashine ya kurekodi nyumbani ni kusaidia wizi wa kazi zao. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1984 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba mtu kurekodi kipindi ili akitazame baadaye si kosa. Jaji mmoja tu angegeuka, sijui deki ingekuwa na maisha gani.

Kwetu sisi kikwazo kilikuwa kingine. Marekani ilitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525 ya picha, na Afrika Mashariki ikafuata PAL, wenye mistari 625, uliobuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa Telefunken. Aliyetumiwa kanda ya harusi na ndugu yake aliyeko Chicago aliweza kuketi na jamaa zake wote mbele ya deki, wakaambulia picha inayoyumba isiyo na rangi. Mzigo ulifika, bibi harusi hakuonekana.

Ikumbukwe pia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikwishakuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam televisheni ilikuwa kioo cha deki kabla haijawa chombo cha kupokea matangazo. Kuchomeka filamu yako mwenyewe ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Baadaye katika vibanda vya video wakatokea wasimulizi kama Lufufu, waliotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Kufuli la lugha walilifungua kwa mdomo, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Kisha zikaja santuri. VCD, iliyokubaliwa na makampuni mwaka 1993, ilibeba dakika 74 tu, ndiyo maana filamu ilikatika katikati ya mapigano na mtu akainuka kuweka ya pili. DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, dunia ilikuwa imegawanywa kwa kanda: Marekani kanda ya 1, Ulaya ya 2, sehemu kubwa ya Afrika ya 5. Santuri iliyonunuliwa kihalali London ingeweza kukataliwa Nairobi. Mafundi wetu walijifunza namba za siri za kubonyeza kwenye rimoti, na kwa maoni yangu hawakumwibia mtu.

Diski yenyewe ni ya zamani kuliko vyote hivyo. Ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1956. Mashine yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na ilihifadhi takriban megabaiti 5, kiasi cha wimbo mmoja wa leo. Tundu la USB lilikuja mwaka 1996, na mwaka huo huo Microsoft ikatoa mpangilio wa FAT32. Hapa ndipo penye kiini cha taabu. FAT32 huandika ukubwa wa faili kwa tarakimu 32 za kompyuta, kwa hiyo faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4. Filamu ya saa mbili yenye picha safi hupita hapo kwa urahisi. Mpangilio wa exFAT, uliokuja mwaka 2006, uliondoa kikomo hicho, lakini ulikuwa mali ya Microsoft na watengenezaji walilipia leseni. Maelezo yake kamili yalichapishwa kwa wote mwaka 2019. Televisheni nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikufundishwa kuusoma.

Hata diski ikisomeka, filamu imefungwa kwa namna yake. Ufungaji wa H.264 ni wa mwaka 2003, na H.265 ni wa mwaka 2013. Televisheni ya mwaka 2010 haiwezi kujua kitu ambacho hakikuwapo. Sauti nayo ina leseni zake. Samsung ilianza kuiacha sauti ya DTS katika televisheni zake za mwaka 2018, na mwenye nyumba akabaki akitazama midomo inayotikisika. Tena matundu mengi hutoa umeme mdogo, na diski yenye njaa hubaki ikigonga tu.

Nayasema haya kwa sababu ya makabati yetu. Funai, mtengenezaji wa mwisho anayejulikana wa deki za VHS, aliacha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizobaki zinakufa moja moja, na ndani ya kanda wamo wazazi wetu wakicheka na kucheza ngoma. Ukipeleka kanda kwa fundi ziingizwe kwenye diski, mwambie akutolee faili za MP4 zenye H.264 na sauti ya AAC, kila moja chini ya gigabaiti 4. Kama diski inahitaji kupangwa upya, nakili kwanza vilivyomo, maana kupanga upya hufuta kila kitu. Mwombe nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti. Zijaribu kwenye televisheni ya nyumbani kwako, picha na sauti, mpaka mwisho wa mkanda, na kanda zenyewe usizitupe.