Sauti na Ukimya wa Paka, toka Milima ya Masisi hata Misitu ya Walikale

Msafiri atokaye Sake akaipanda milima ya Masisi, akapita kati ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharagwe na viazi, kisha akateremka magharibi hata akaingia katika mwitu mkubwa wa Walikale, huwa amevuka nchi mbili ambazo serikali imezitia katika mkoa mmoja wa Kivu ya Kaskazini, walakini Muumba alizipambanua kwa udongo, kwa baridi na kwa wanyama: ya kwanza ni nchi ya vilima vilivyofyekwa, isiyofika kilomita za mraba 5,000, na ya pili ni nchi ya miti na mito, ipatayo zaidi ya kilomita za mraba 23,000, ambamo maji ya Lowa na Oso hupita chini ya kivuli. Katika nchi zote mbili yumo paka wa nyumbani, na katika zote mbili watu hustaajabia jambo lile lile: kwamba paka mmoja hulia asubuhi hata jioni, akimfuata mama wa nyumba toka jikoni hata uani, na ndugu yake wa tumbo moja hukaa mwaka mzima hajatoa sauti ya kusikika. Sababu ya tofauti hiyo, kwa kadiri nilivyoweza kuipima, haikai yote katika koo la mnyama. Sehemu yake kubwa imo katika historia ya watu alioishi nao.

Asili ya paka wetu ni paka pori wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Felis lybica, mwenye manyoya ya rangi ya mchanga na miguu mirefu. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya kaburi la kale katika kisiwa cha Cyprus, mahali paitwapo Shillourokambos, ambamo mtu alizikwa na paka kando yake yapata miaka 9,500 iliyopita; na mwaka 2007 waliochunguza nasaba za paka wengi wa dunia waliirudisha asili yao kwa paka pori wa Mashariki ya Karibu, ingawa tangu hapo wanazuoni hawajaacha kubishana juu ya mahali na wakati. Sasa, huyu paka pori ni mnyama wa mbuga na vichaka, wala hakai katika mwitu mnene wa mvua. Mwitu wa Walikale una paka wake mwingine, paka dhahabu, ambaye Mholanzi Temminck alimpa jina la kitaalamu mwaka 1827, na ambaye hata wawindaji wenyeji humjua kwa nyayo zake kuliko kwa uso wake. Naye hakufugwa na mtu. Basi ni dhahiri kwamba kila paka alalaye penye moto huko Walikale ni mzao wa wageni, aliyeletwa mkononi au kikapuni na binadamu.

Wageni hao, nadhani, waliingia kwa milango miwili. Mlango wa magharibi ulikuwa Maniema, ambako wafanyabiashara wa pwani pamoja na Waungwana wao, yaani wafuasi wao wa Kiislamu, walikuwa wamekwisha kufika Nyangwe kabla ya mwaka 1870, na ambako Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo katika miaka iliyofuata. Na kutoka huko misafara yao ya pembe na ya watumwa ilipenya misitu kuelekea kaskazini na mashariki. Siku zile zilikuwa za msiba. Tarehe 13 Julai 1871 huko London, katika jumba la Crystal Palace, Harrison Weir alifungua maonyesho makubwa ya paka, na watu wakaja kwa maelfu kutazama paka waliolala juu ya mito. Na tarehe 15 ya mwezi ule ule, katika soko la Nyangwe, wanawake waliokuja kuuza vyakula walipigwa bunduki na watu wa misafara, wakafa kwa mamia, David Livingstone akitazama. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu mwenye kuandika habari za paka katika nchi hizi hana haki ya kuiandika njia aliyopita bila kuitaja damu iliyomwagika juu yake.

Hata hivyo Waungwana walikuwa na desturi moja mintarafu ya paka ambayo haikuwa ya vita. Katika dini yao paka si najisi. Mtume alisema kwamba yeye ni miongoni mwa wale wanaowazungukia watu majumbani, na sahaba aliyejulikana sana kwa kuwapenda aliitwa Abu Huraira, maana yake baba wa kipaka. Kwa hiyo paka wa Mwislamu aliachiwa kupita juu ya mkeka, kukaa karibu na sinia, na kupewa kichwa cha samaki kwa mkono. Naamini kwamba ruhusa hii ya kukaribia ina uzito mkubwa katika habari ya sauti, na sababu yake nitaieleza.

Mlango wa mashariki ulifunguliwa baadaye, katika utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1928 liliundwa shirika la Comité National du Kivu, likapewa ardhi kubwa ya kugawia walowezi. Na tangu mwaka 1937 hata 1955 serikali iliwahamisha Wanyarwanda kwa maelfu na kuwapeleka Masisi, hasa katika nchi ya Gishari, ili wapate mahali pa kulima na mashamba ya wazungu yapate vibarua. Mwitu ukafyekwa, mahindi na maharagwe yakazidi, ghala zikajengwa, na penye ghala panya hawakosi kufuata. Tena miaka ile ugonjwa wa tauni ulionekana kandokando ya Ziwa Albert, na baadaye kandokando ya Ziwa Edward, na wenye serikali wakawa na hofu kubwa ya panya. Katika hali hiyo paka alikuwa mtumishi wa lazima. Lakini huyu paka wa ghala hakuwa paka wa mkeka: alifungiwa ndani usiku pamoja na magunia, asubuhi akatolewa, na chakula chake kilikuwa kile alichojikamatia. Angemlilia nani?

Hapa ndipo inapotupasa kuijua tabia ya mnyama mwenyewe. Paka waliokomaa wakiwa peke yao aghalabu hawaitani kwa ule mlio wa nyau. Hunguruma wakigombana, hutoa pumzi kali kama nyoka wakiogopa, na jike akitaka dume hupiga kelele usiku hata watu wakaamka. Nyau yenyewe ni mlio wa kitoto, ambao kipaka humwitia mama yake akisikia baridi au njaa, na katika maisha ya mwituni huachwa utotoni. Paka wa nyumbani ameuhifadhi hata ukubwani hasa kwa ajili ya kiumbe mmoja, naye ni binadamu. Mwaka 1944 Bi Mildred Moelk wa Marekani aliandika kwa makini namna 16 za sauti za paka wa nyumbani. Na mwaka 2004 Nicholas Nicastro alilinganisha nyau ya paka wa nyumbani na ya paka pori wa Afrika, akaona kwamba ya paka wetu ni fupi zaidi na nyembamba zaidi, na kwamba watu huiona tamu masikioni kuliko ile ya paka pori. Fauka ya hayo, watu wakisikilizishwa nyau za paka wasiowajua mara nyingi hukosea maana yake, kumbe wenye paka huielewa ya paka wao vizuri zaidi. Maana yake ni kwamba hakuna lugha moja ya paka wote: kila nyumba na paka wake wametunga mapatano yao, na paka hutunza ule mlio uliomletea faida. Aliyelia akapewa samaki atalia tena, na aliyelia akatupiwa kuni atajifunza kunyamaza. Hivyo ndivyo paka wa mkeka alivyopata ulimi, na paka wa ghala akaishi bila kuuhitaji.

Si kwamba nasaba haina neno. Paka wa Siam wanajulikana kwa kelele, na wale wa Uajemi kwa upole wa sauti. Na mwaka 2025 wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliopima paka 280 wa Japani, walieleza kwamba tofauti katika sehemu moja ya urithi wao inaambatana na kukoroma kwao wakiwa katika raha, na kwa madume hata na wingi wa kuwalilia watu. Wako pia paka wafunguao kinywa kama waliao, na sikio la mtu lisisikie kitu. Kuhusu ule mkoromo, Bi Karen McComb wa Uingereza alionyesha mwaka 2009 kwamba paka wengine huuchanganya na kilio chembamba wanapotaka chakula, nao humsumbua mtu hata akaondoka kitandani. Basi mtu asemaye kwamba paka wake ni bubu na amsikilize kwanza akiwa amempakata. Hadhari iko mahali pamoja tu: paka aliyekuwa msemaji akanyamaza ghafula, au aliyekuwa kimya akaanza kupiga kelele uzeeni, huyo huenda ana ugonjwa. Paka mweupe mwenye macho ya buluu mara nyingi huzaliwa kiziwi, na kiziwi hulia kwa nguvu kwa kuwa hajisikii.

Lakini watu wa Walikale walikuwa na maarifa ya mnyama mkimya kabla paka hajafika, nayo waliyapata kwa mbwa wao. Katika misitu yote toka nchi ya Wazande hata Maniema, na kwa Wanyanga wa Walikale kadhalika, mwindaji alimfuga mbwa mdogo mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kukunjika, ambaye kwa desturi habweki. Mjerumani Georg Schweinfurth aliwaona mbwa wa namna hiyo kwa Wazande katika safari yake ya mwaka 1870. Wawili walipelekwa katika maonyesho ya Crufts huko Uingereza mwaka 1895 wakafa kwa maradhi, na ilikuwa mwaka 1937 ndipo umati wa London ulipowaona tena, ukajazana kumtazama mbwa asiyebweka. Kumbe si bubu: hulia, hupiga ukelele mrefu upandao na kushuka, hunguruma akikasirika. Kinachokosekana ni ule mbweko wa mfululizo tu.

Mwindaji wa msituni, ambapo jicho halifiki mbali, anahitaji kujua mbwa wake yuko wapi na mnyama anakimbilia upande gani. Basi wawindaji walichonga njuga ya mti mwepesi, yenye tumbo la uwazi na vipande vya mti ndani, wakamfunga mbwa shingoni. Na alipokwenda kunusa njuga ilizibwa isilie, hata nyavu zilipotandwa na watu wakajipanga, ndipo ikafunguliwa, mbwa akaachiwa, na mlio wa mti ukapita chini ya majani ukiwaambia watu mwendo wake kwa wepesi au uzito wa pigo. Mimi hustaajabia hekima hii kila ninapoifikiri. Hawakumpiga mbwa ili abweke, wala hawakumtupa kwa upungufu. Walimkubali alivyo, wakamwazima sauti. Daniel Biebuyck, aliyekaa kwa Wanyanga katika miaka ya 1950 na kuandika mwaka 1956 utendi wa Mwindo toka kinywani mwa fundi She-Karisi Rureke, alituhifadhia habari za watu waliofikiri sana juu ya haki za wanyama; maana Mwindo mwenyewe, shujaa wa utendi huo, alichukuliwa mbinguni na Nkuba, bwana wa radi, akateswa kwa baridi na jua kwa kosa la kumwua joka, akakatazwa asiue mnyama tena.

Paka hakupata njuga, wala hakuihitaji, kwa kuwa panya angekimbia. Alichopata mahali pengi ni shaka. Wako watu, huku kwetu na pwani pia, ambao wakisikia ukelele wa paka usiku husema ni mchawi, na paka wengi wamepigwa mawe kwa hilo. Nasema wazi kwamba ni dhuluma: ule ukelele ni wa jike anayetaka mume au wa madume wanaomgombania, na ambaye haupendi na aulize habari ya kuhasi kwa daktari wa mifugo.

Liko jambo la zama zetu. Tangu mapigano ya mwaka 1993, yaliyoanzia soko la Ntoto katika Walikale yakaenea Masisi, watu wa nchi hizi wamekimbia mara nyingi, na katika miaka ya karibuni walijazana katika kambi za Bulengo na Lushagala kandokando ya Goma, kabla vita havijafika mji wenyewe mwanzoni mwa mwaka 2025. Anayekimbia huswaga mbuzi na kubeba kuku. Paka hujificha, naye hubaki. Wataalamu waliolinganisha paka wa majumbani na paka waliokulia nje bila watu waliona kwamba hawa wa nje hunguruma na kutoa pumzi kali zaidi, na nyau yao kumwelekea mtu huwa adimu. Tena imejulikana kwamba kipaka huzoea mkono wa binadamu hasa toka juma la pili hata la saba la maisha yake, na baada ya hapo mlango huo hufunguka kwa shida. Basi mtu arudiye kwake baada ya miaka, akakuta juu ya boma lililoanguka paka wa rangi ile ile ya paka aliyemwacha, naye akamwita asijibiwe, asimdhanie ugonjwa wala uchawi: ni mjukuu aliyezaliwa katika nyumba isiyokuwa na mtu, akapitisha majuma yake saba pasipo kusikia neno. Akizaa, vipaka vyake vishikwe mapema, vipewe chakula kwa mkono na viitwe kila siku, navyo vitajibu.