Mahakama ya Katiba ya Cheki na Haki ya Kubisha Hodi

Tarehe 15 Julai 1993 Rais Václav Havel aliteua majaji 12 wa kwanza wa Mahakama ya Katiba ya Jamhuri ya Cheki. Nchi yenyewe ilikuwa na umri wa miezi sita na nusu. Kwa hesabu ya leo hiyo ndiyo siku mahakama ilipozaliwa, ila huyu alikuwa mtoto wa nne. Watatu waliomtangulia hawakukua.

Wa kwanza alitokana na Katiba ya Chekoslovakia ya tarehe 29 Februari 1920. Wacheki hupenda kukumbusha kwamba waliandika mahakama ya aina hii katika katiba yao miezi saba kabla ya Austria, ambayo ndiyo hutajwa zaidi vitabuni. Wana haki ya kujivunia, lakini si sana. Majaji saba walianza kazi Novemba 1921 chini ya Karel Baxa, aliyekuwa pia meya wa Praha. (Kwa sadfa, rais wa mahakama ya sasa tangu Agosti 2023 naye ni Baxa: Josef Baxa.) Shida ilikuwa mlangoni. Waliokuwa na ruhusa ya kupeleka sheria mbele ya majaji hao ni mahakama kubwa za nchi na mabunge peke yake, na vyombo hivyo havikuwa na haraka ya kufanya hivyo. Mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kupitia. Kazi kubwa ya majaji ikabaki kukagua amri zilizotolewa na kamati ya kudumu wakati bunge halikutani. Muhula wao wa miaka 10 ulipokwisha mwaka 1931, viti viliachwa wazi hadi 1938. Rais wa mahakama aliyechaguliwa safari hiyo, Jaroslav Krejčí, baadaye aliongoza serikali ya Protektoreti chini ya Wajerumani, na baada ya vita akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Wakomunisti waliiondoa mahakama hiyo katika katiba ya mwaka 1948. Mwaka 1968, Chekoslovakia ilipogeuzwa shirikisho, sheria ya katiba ikaahidi mahakama mpya. Hakuna jaji hata mmoja aliyeteuliwa kwa miaka zaidi ya 20. Kisha ikaja mahakama ya shirikisho ya mwaka 1992, ikiongozwa na Ernest Valko na makao yake yakiwa Brno. Hiyo ndiyo iliyoruhusu mtu binafsi kuleta malalamiko, na ilikufa pamoja na shirikisho usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo.

Mahakama ya 1993 ilirithi mji na jengo. Brno ni mji wa pili kwa ukubwa, mbali kidogo na bunge na ikulu zilizoko Praha, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara. Jengo liko mtaa wa Joštova, nalo lilijengwa miaka ya 1870 kwa ajili ya bunge la jimbo la Moravia, hivyo leo majaji wanapima sheria katika jumba lililojengwa kwa watunga sheria. Rais wa kwanza wa mahakama, Zdeněk Kessler, alikuwa amefungwa na utawala wa kikomunisti kwa sababu za kisiasa.

Mtihani ulikuja mapema. Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyotangaza kwamba utawala wa kikomunisti haukuwa halali, tena ikasema kuwa ukomo wa muda wa kushtaki haukuhesabika, tangu Februari 1948 hadi Desemba 1989, kwa makosa ambayo dola iliyaficha kwa sababu za kisiasa. Kundi la wabunge likapinga. Tarehe 21 Desemba 1993 mahakama ilikataa pingamizi lao: dola iliyokataa kwa makusudi kushtaki watu wake haiwezi kudai kwamba muda wa kushtaki ulikuwa ukipita.

Uamuzi unaobishaniwa mpaka leo ni wa tarehe 10 Septemba 2009. Baada ya serikali kuanguka, bunge lilitunga sheria ya katiba ya mara moja tu ili kufupisha muhula wake na kufanya uchaguzi Oktoba. Mbunge Miloš Melčák alilalamika kwamba alichaguliwa kwa miaka minne na ana haki ya kuimaliza. Mahakama ikamkubalia na kuifuta sheria yenyewe ya katiba, kwa hoja kwamba katiba inakataza kubadilisha misingi ya dola ya kidemokrasia inayofuata sheria. Uchaguzi ukasogezwa hadi Mei 2010. Kuna wanasheria waliosema majaji wamejiweka juu ya katiba waliyoapa kuilinda. Nadhani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini bunge linalobadilisha katiba kwa ajili ya jambo moja, kisha likairudia njia hiyo (lilishafanya hivyo mwaka 1998), nalo lilikuwa likicheza na moto.

Wakati mwingine mahakama ilikwama kwa kukosa watu. Rais wa nchi huteua majaji 15 kwa kipindi cha miaka 10, kwa idhini ya Seneti. Kati ya 2003 na 2005, Rais Václav Klaus na Seneti hawakuelewana kuhusu majina, viti vikabaki wazi, na kufuta sheria kunahitaji kura za majaji tisa.

Kazi ya kila siku haina mvuto huo. Malalamiko ya watu binafsi huja kwa maelfu kila mwaka. Kila jalada hupewa namba inayoanza na I, II, III au IV ya Kirumi kuonyesha jopo la majaji watatu litakalolisikiliza, au herufi Pl. ikiwa ni la majaji wote. Jaji mmoja huiandaa kesi, na nyingi sana hukataliwa bila kusikilizwa hadharani. Mlalamikaji anatakiwa kwanza awe amemaliza njia zote za mahakama za kawaida, awe na wakili, na alete lalamiko ndani ya miezi miwili. Ada ya mahakama hakuna.