Motokaa Katika Njia ya Theluji

Wasikilizaji wetu, na ninyi wanafunzi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kuwasimulia habari ya safari ambayo wengi wetu hatujaifunga. Katika milima ya Ulaya iitwayo Alpi, theluji huanguka kila mwaka wakati wa baridi, na watu wa mijini huenda huko kwa maelfu kucheza mchezo wa skii, yaani kuteremka mlimani kwa kasi, miguuni wamefunga mbao ndefu nyembamba. Wengi wao huenda kwa motokaa. Lakini motokaa haikuzaliwa na ujuzi wa kupita katika theluji. Ilibidi ifundishwe, na mafunzo yenyewe yalinunuliwa kwa taabu.

Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, wenye motokaa wengi hawakuthubutu kuzitoa nje wakati wa baridi. Waliyamwaga maji ya injini, wakaziinua juu ya magogo ili mipira ya magurudumu isiharibike, wakafunga mlango wa banda mpaka theluji iyeyuke. Na katika jimbo la Graubünden, nchi ya Uswisi, ulipo mji wa St. Moritz, motokaa zilikatazwa kabisa mwaka wa 1900. Wenyeji walisema kwamba zina kelele na vumbi, na ya kuwa zawashtua farasi. Tusiwacheke. Njia za milima ile zina jabali upande mmoja na shimo upande wa pili. Farasi akishtuka hapo, abiria wamekwisha. Shauri hili lilipigiwa kura mara nyingi, nalo likakataliwa, hata mwezi wa Juni 1925 watu wakakubali.

Katika miaka hiyo 25, watu wa mahali pengine walikuwa wakitafuta dawa ya adui wanne wa motokaa. Na tuwatazame mmoja mmoja.

Adui wa kwanza ni maji yenyewe. Injini hupozwa kwa maji yazungukayo ndani yake na kupita katika rejeta. Maji yakiganda huvimba: madebe 10 ya maji hutoa karibu madebe 11 ya barafu, na hakuna chuma cha injini kiwezacho kuizuia nguvu hiyo. Dereva aliyesahau kumwaga maji jioni aliamka akakuta injini yake imepasuka. Basi watu wakaanza kuchanganya maji na spiriti, ambayo haigandi upesi. Dawa hiyo ilifaa katika nchi tambarare, bali mlimani ilikuwa na hila. Spiriti huchemka kabla ya maji. Injini ilipopata joto kwa kupanda, spiriti iligeuka mvuke ikatoka. Msafiri akafika juu jioni, amechoka, akidhani amelindwa, kumbe amebakiwa na maji matupu, na usiku wa baridi kali u mbele yake.

Dawa iliyo bora ilikuwa imekwisha kupatikana zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa mmoja mjuzi wa kemia, jina lake Charles-Adolphe Wurtz, alitengeneza maji mazito yaitwayo ethilini glikoli. Lakini ilikuwa mwaka wa 1927 hata yalipoanza kuuzwa Marekani kwa ajili ya motokaa, chini ya jina la Prestone. Yakichanganywa na maji nusu kwa nusu, hayagandi mpaka baridi ifike digrii 37 hivi chini ya sifuri, wala hayatoki upesi kwa mvuke. Tena twaonya: glikoli ina utamu, nayo ni sumu iuayo. Haiachwi mahali ambapo mtoto au mbwa aweza kuionja.

Adui wa pili ni uzito wa mafuta. Ninyi mnajua jinsi mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya baridi. Mafuta ya injini hayagandi vile, lakini huwa mazito kama asali. Zamani injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na hendeli ilipogeuka nyuma kwa ghafula iliweza kumvunja mtu mfupa. Mmarekani Charles Kettering akatengeneza stata ya umeme, nayo ikatiwa katika motokaa za Cadillac za mwaka wa 1912. Hata hivyo taabu haikuisha yote, kwa kuwa betri nayo hupungua nguvu katika baridi. Ndiyo maana msafiri hupima betri yake nyumbani, na kutia mafuta mepesi yafaayo kwa baridi, kabla ya kuondoka.

Adui wa tatu ni utelezi. Mtu mmoja wa mji wa Canastota, jimbo la New York, jina lake Harry Weed, husimuliwa kwamba aliwaona madereva wakizungushia magurudumu kamba ili yasiteleze. Akawaza: kwa nini isiwe minyororo? Mwaka wa 1904 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Minyororo ya namna hiyo haikubaki thelujini tu. Wakati wa masika ilifungwa pia katika malori yaliyopita katika matope ya Afrika ya Mashariki. Kisha Wafini wakatengeneza mipira yenye meno mapana ya kushika theluji: mwaka wa 1934 kwa malori, na mwaka wa 1936 kwa motokaa ndogo.

Mfaransa Adolphe Kégresse alikwenda mbali zaidi. Alipokuwa akizitunza motokaa za Nikolai wa Pili, mfalme wa Urusi, aliondoa magurudumu ya nyuma akaweka ukanda wa mpira unaozunguka, na mbele akaweka mbao za skii. Baadaye alirudi kwao, na kampuni ya Citroën ikautumia ukanda wake katika safari kubwa ya kupita Afrika, mwaka wa 1924 na 1925. Safari hiyo ilifika Kampala ikagawanyika. Wengine wakashuka Mombasa, na wengine Dar es Salaam. Basi kilichobuniwa kwa theluji ya Urusi kilikanyaga mchanga na matope ya kwetu, maana ardhi laini ni ardhi laini, iwe nyeupe au nyeusi.

Adui wa nne ni upofu. Mwanamke mmoja wa Alabama, Mary Anderson, alikwenda New York wakati wa baridi, akamwona dereva wa tramu amefungua kioo ili aone njia, na theluji inampiga usoni. Akabuni kifutio cha mpira, kilichosukumwa kwa mkono kutoka ndani, akapata hati yake mwaka wa 1903. Alipojaribu kuuza haki hiyo, hakuna aliyeitaka. Muda wa hati ukaisha mwaka wa 1920 asipate faida yo yote, na baadaye kifutio kikatiwa katika kila motokaa. Wangapi wapitao njiani wakati wa mvua walijuao jina lake?

Lakini liko jambo moja ambalo vyombo hivi vyote haviwezi kulitenda. Motokaa ikikwama katika theluji usiku, abiria hupenda kuiacha injini ikiunguruma wapate joto. Theluji ikiziba bomba la moshi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu huweza kuingia ndani, na watu hulala wasiamke. Wengi wamekufa hivyo. Kwa sababu hiyo msafiri mwenye busara huchukua blanketi, chakula, taa na sepetu. Huliondolea bomba theluji kabla ya kuwasha injini. Tena hujizoeza kufunga minyororo mchana, uani kwake, wala hangoji kujifunza gizani vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Twaona, basi, kwamba safari ya mlimani hushindwa au hufaulu kabla gurudumu halijageuka. Weed na Anderson waliiona taabu ya mtu mwingine wasiipite kama haiwahusu, na wale wa Graubünden walitukumbusha kwamba si vibaya kuuliza hatari ya kitu kabla ya kukipokea. Wazee wetu walisema: tahadhari kabla ya hatari. Neno hilo lafaa katika njia ya theluji, na lafaa vile vile kwa mwenye baiskeli, kwa mwenye mtumbwi, na kwa kila mmoja wetu afungaye safari kesho asubuhi.