Devdas (filamu ya 2002)

Devdas ni filamu ya mahaba kutoka nchini India iliyotolewa tarehe 12 Julai 2002. Iliongozwa na Sanjay Leela Bhansali na kutayarishwa na Bharat Shah. Nyota wake ni Shah Rukh Khan aliyecheza kama Devdas, Aishwarya Rai kama Parvati (anayeitwa zaidi Paro) na Madhuri Dixit kama Chandramukhi. Lugha yake ni Kihindi, lakini hadithi imetokana na riwaya ya Kibengali yenye jina hilohilo, iliyoandikwa na Sarat Chandra Chattopadhyay na kuchapishwa mwaka 1917. Wakati inatoka, ilihesabiwa kuwa filamu ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa India. Gharama yake ilikuwa takriban rupia milioni 500.

Riwaya na filamu zilizotangulia

Chattopadhyay (1876–1938) aliandika Devdas akiwa bado kijana, miaka mingi kabla haijachapishwa. Ni kitabu kifupi. Kinamhusu mtoto wa kabaila wa Bengal anayempenda binti wa jirani yake, lakini siku ya kusimama mbele ya wazazi wake na kusema hivyo, anashindwa. Yote yanayofuata, pombe, ugonjwa na kifo, yanatokana na kushindwa huko. Katika jamii inayoelezwa na riwaya, ndoa ni shauri la wazee, nalo hupimwa kwa tabaka na mali. Kijana anayekaa kimya hapotezi mchumba peke yake. Anamwacha binti wa watu abebe aibu ambayo si yake.

Hadithi hii ilianza kutengenezewa filamu mapema, wakati filamu zilikuwa hazina sauti: toleo la kwanza ni la mwaka 1928. Mwaka 1935 Pramathesh Barua aliiongoza kwa Kibengali na kucheza mwenyewe kama Devdas, kisha akaitoa tena kwa Kihindi huku mwimbaji K. L. Saigal akishika nafasi hiyo. Mpiga picha wa toleo hilo la Kihindi, Bimal Roy, baadaye akawa mwongozaji, na mwaka 1955 akatengeneza Devdas yake akiwa na Dilip Kumar, Suchitra Sen na Vyjayanthimala. Vyjayanthimala, aliyecheza kama Chandramukhi, alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi akaikataa, kwa hoja kwamba nafasi yake ilikuwa na uzito sawa na ya Paro. Hoja hiyo inafaa kukumbukwa, maana Bhansali aliijibu kwa namna yake karibu miaka 50 baadaye.

Kwa sababu ya matoleo hayo, jina la Devdas liliingia katika mazungumzo ya kila siku nchini India. Mwanamume anayejiangamiza kwa ulevi kwa ajili ya mapenzi huitwa "Devdas" hata na watu ambao hawajasoma kitabu.

Hadithi ya filamu

Devdas Mukherjee anarudi nyumbani Bengal baada ya kusoma sheria London kwa miaka kumi. Muda wote huo Paro, rafiki yake wa utotoni, amekuwa akilinda taa ya utambi isizimike. Mapenzi yao yanaanza tena, na mama yake Paro, Sumitra (Kirron Kher), anaamini kuwa ndoa iko karibu. Katika sherehe ya familia ya Devdas anaombwa acheze. Anacheza kwa furaha, kisha anamwombea binti yake posa mbele ya wageni wote. Kaushalya, mama yake Devdas, anamdhalilisha hadharani kwa kuutaja ukoo wake kuwa ni wa wacheza ngoma. Sumitra anaapa kwamba atamwoza binti yake kwenye nyumba tajiri kuliko ile iliyomtukana.

Usiku Paro anamfuata Devdas nyumbani kwao, na baba yake Devdas anakasirika sana. Badala ya kumtetea Paro, Devdas anaondoka kwenda Calcutta (leo Kolkata) na kumwandikia barua inayokana mapenzi yao. Anapojuta na kurudi, Paro anakaribia kuolewa na Bhuvan, kabaila mjane mwenye watoto wakubwa, naye anamkataa. Kwa hasira Devdas anampiga kwa mkufu na kumwachia kovu kwenye paji la uso. Bhuvan naye anamweleza bibi harusi kwamba moyo wake bado uko kwa mke wake aliyefariki. Paro anakuwa mama mwenye nyumba, lakini mke wa jina tu.

Huko Calcutta, rafiki yake Chunnilal (Jackie Shroff) anampeleka kwa Chandramukhi. Yeye ni tawaifu, yaani mwanamke aliyefunzwa kuimba, kucheza na kuzungumza kwa adabu ili kuwaburudisha wanaume wenye fedha. Devdas anamdharau waziwazi. Chandramukhi anampenda hivyohivyo na kumhudumia pombe inapomla mwili. Akijua mwisho wake umekaribia, Devdas anatimiza ahadi aliyompa Paro kwamba atafika mlangoni pake kabla ya kufa. Analala chini ya mti nje ya lango. Paro anasikia ni nani, anakimbia kupita vyumba na ngazi za jumba kubwa, lakini mume wake ameamuru lango lifungwe. Devdas anamwona kwa mbali kama kivuli, na anakufa. Taa inazimika.

Tofauti na riwaya

Mabadiliko ni mengi. Katika kitabu, Devdas alisoma Calcutta wala hakwenda Uingereza, na alimpiga Parvati kwa fimbo ya kuvulia samaki. Mwisho wa kitabu pia ni mkavu zaidi: Parvati anapata habari wakati mwili umeshaondolewa.

Badiliko kubwa kuliko yote linawahusu wanawake wawili. Katika riwaya hawakutani. Bimal Roy aliwapitisha njiani wakatazamana bila kusema neno, na tukio hilo fupi lilipata sifa kubwa. Bhansali alikwenda mbali zaidi: Paro anaingia mwenyewe katika nyumba ya Chandramukhi kumtafuta Devdas, kisha anamwalika kwake kwenye sikukuu ya Durga. Wanacheza pamoja wimbo "Dola Re Dola" hadi mkwe wa nyumba hiyo anapotangaza mgeni huyo ni nani. Chandramukhi anamjibu mbele ya watu wote kwamba wanaume wa heshima ndio wateja wa nyumba kama yake. Walioipenda riwaya waliona huku ni kuiacha mbali, na kweli ni kuiacha. Lakini sehemu hii ndiyo iliyobeba filamu, kwa kuwa ndani yake wanawake wanapata sauti ambayo kitabu kiliwapa kidogo, huku Devdas mwenyewe hayupo.

Utayarishaji na muziki

Mandhari yalijengwa Mumbai chini ya Nitin Chandrakant Desai. Nyumba ya Paro ilijaa vioo vya rangi, na ya Chandramukhi ilizungukwa na ziwa la kutengenezwa. Binod Pradhan ndiye aliyepiga picha. Ukubwa huo umelaumiwa kuwa unaifunika hadithi ya watu wachache. Hata hivyo, katika tukio la mwisho urefu wa nyumba ndio unaomchelewesha Paro.

Nyimbo zilitungwa na Ismail Darbar, na mashairi mengi ni ya Nusrat Badr. Katika filamu za Kihindi waimbaji hurekodi studioni na waigizaji hufuatisha midomo. Sauti ya Paro ilikuwa ya Shreya Ghoshal, binti aliyekuwa hajafikisha miaka 20 na hakuwa amewahi kuimbia filamu ya Kihindi. Bhansali alimpata kupitia mashindano ya uimbaji ya televisheni. Michezo ilipangwa na Saroj Khan, na mchezo mmoja wa Chandramukhi ulipangwa na Birju Maharaj, bingwa wa ngoma ya Kathak.

Mapokezi

Filamu ilionyeshwa kwanza katika Tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2002, nje ya mashindano. Nchini India ilishinda Tuzo za Taifa za Filamu tano na tuzo za Filmfare 10, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji bora, mwigizaji bora wa kiume na wa kike. Shah Rukh Khan alipata tuzo ileile aliyoipata Dilip Kumar kwa kucheza mhusika huyohuyo. Madhuri Dixit alitunukiwa kama mwigizaji msaidizi, nafasi ambayo Vyjayanthimala aliikataa, yeye aliipokea. India iliipeleka kuwania Oscar bila kuteuliwa, ila iliteuliwa kwa tuzo ya BAFTA ya Uingereza.

Mwaka 2009 Anurag Kashyap alitoa Dev.D, toleo la siku hizi linalotokea Punjab na Delhi. Humo Devdas hafi: anaacha kumfuata Paro na kubaki na Chanda, ambaye ndiye Chandramukhi wa toleo hilo.