Mashindano ya roboti: mzazi ajue kanuni za usalama na kazi ya refa

Juzi nilihudhuria mashindano madogo ya roboti ya wanafunzi hapa pwani. Roboti moja ilikwama katikati ya uwanja, na kijana mmoja, kwa pupa ya kutaka kushinda, akatia mkono kuinyanyua na huku mota inazunguka. Alhamdulillahi, ukucha tu ndio ulioumia. Hakuna mtu mzima aliyemkataza, kwa kuwa sote tulikuwa tunashangilia.

Mashindano yanayojulikana zaidi duniani ni ya shirika la FIRST la Marekani, lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989. Watoto wadogo hucheza FIRST LEGO League, roboti ndogo juu ya meza. Wa sekondari huingia FIRST Robotics Competition, ambako roboti moja huweza kupita kilo 50. Yako pia ya FIRST Global, ambayo kila nchi hupeleka timu moja. Mwaka 2019 yalifanyika Dubai.

Kwenye hayo ya roboti kubwa, hakuna anayecheza kabla ya kukaguliwa. Wakaguzi hupima uzito na ukubwa, huangalia nyaya na swichi kuu. Betri ni ya volti 12 yenye asidi, jamii moja na ya pikipiki. Ikianguka ikapasuka haishikwi kwa mikono mitupu, na magadi soda huwekwa karibu ya kuua asidi. Juu ya roboti kuna taa ya rangi ya chungwa: ikimetameta, roboti iko hai na yaweza kwenda wakati wowote; ikiwaka kwa utulivu, ina umeme lakini imezuiwa kutembea. Uwanja nao una taa zake, na mpaka ziwe kijani, mwanafunzi haingii, hata roboti yake iwe imepinduka. Madereva wana kitufe cha kuizima roboti yao kwa dharura.

Miwani ya kinga huvaliwa na kila aliye karibu na roboti, mgeni na mzazi pia. Miwani ya kusomea peke yake haitoshi. Viatu ni vya kufunika vidole, kwa hivyo ndara zibaki nyumbani. Nywele ndefu hufungwa, na nguo zinazoning'inia huwekwa mbali na gia na minyororo. Mabinti zetu hawana haja ya kuvua hijabu. Kinacholeta hatari ni ncha za mtandio na mikono mipana ya buibui. Hijabu iliyoshonwa ya kutumbukiza kichwani, ncha zikaingizwa ndani, na mikono ikabanwa, basi.

Sasa refa. Mechi ni dakika mbili na nusu hivi, na uamuzi wa refa mkuu ndio wa mwisho. Hatazami video, wala picha ya simu yako. Timu ikiwa na swali, mwanafunzi mmoja husimama mahali palipowekwa alama kando ya uwanja, akauliza kwa adabu. Mwalimu haendi, mzazi haendi. Sisi tuliozoea kumzonga refa wa mpira hapa tutapata taabu kidogo. Kadi zipo vilevile: njano ni onyo, ya pili huwa nyekundu, na nyekundu huifuta timu kwenye mechi ile.

Kwa wadogo wa mezani mambo ni mapole zaidi. Mechi ikiisha hakuna anayegusa kitu. Refa hupitia meza pamoja na watoto, wakakubaliana alama. Jambo lisipokuwa wazi, timu ndiyo inayopewa. Lakini mtoto akiigusa roboti nje ya eneo lake la kuanzia, timu hupunguziwa. Nimeipenda hiyo. Mtoto huzoea tangu udogoni kwamba mkono una mpaka wake, na yule kijana wa juzi angelizoezwa hivyo asingeumia.

Kwa hivyo shule ikikuitisha nauli na ada ya mashindano, muulize mwalimu: nani atakagua betri, nani amepewa kazi ya kuzima, miwani ni mingapi kwa watoto wangapi? Na muulize refa ni nani. Juzi refa wetu alikuwa mwalimu wa mojawapo ya timu zilizokuwa zikicheza.