Mkono wa Trafiki, Mkono wa Roboti

Zinga kwetu hakuna taa za kuongozea magari. Bodaboda, mbuzi na malori ya mchanga wanapishana kwa kutazamana tu. Ukipanda basi la kwenda Dar, unapita Kerege, Mapinga na Bunju, taa utaanza kuzizoea huko mbele jijini. Na hapo ndipo utakapokuta kioja: taa zinawaka vizuri kabisa, kijani kinasema nenda, halafu katikati ya njia panda kasimama trafiki kwenye sare yake nyeupe, kanyoosha mkono, anasema simama. Dereva anautii mkono. Siku moja konda wetu alisonya, akauliza kwa sauti, "Sasa hizi taa za nini?"

Swali la konda lina umri mrefu kuliko tunavyodhani. Taa ya kwanza ya barabarani iliwekwa London, karibu na Bunge, Desemba 1868. Aliyeibuni, J. P. Knight, alikuwa mhandisi wa reli, kwa hiyo akaleta barabarani kile alichokijua: nguzo yenye mikono ya kupanda na kushuka mchana, na usiku taa za gesi, nyekundu na kijani. Haikujiendesha yenyewe. Askari alisimama chini yake akiizungusha. Haikumaliza hata miezi miwili: Januari 1869 gesi ililipuka, aliyeungua akawa ni yule askari. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo London ikaweka taa nyingine.

Taa za umeme ziliposambaa duniani, Afrika Kusini wakaziita roboti, yaani askari roboti, na jina likabaki mpaka leo. Mwulize njia mtu wa Johannesburg, atakuambia ukifika kwenye roboti kata kushoto, wala hatanii.

Neno lenyewe lilikuwa bado bichi. Limetoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa 1920 na kuigizwa Prague 1921. Nduguye Josef, mchoraji, ndiye aliyempa neno hilo, kutoka robota la Kicheki: kazi ya shokoa, ile ya kumtumikia bwana bila hiari. Sisi wa upande wa Bagamoyo, tunaopita kila siku palipopita misafara ya watumwa na wapagazi, hatuhitaji kamusi kuielewa maana hiyo. Wengi wanaikumbuka tamthilia hii kwa uasi wa roboti, mimi naona sehemu nzito inakuja baada ya uasi. Roboti wamewaua watu wote, wamebakiza mmoja tu, Alquist, kwa sababu anafanya kazi kwa mikono kama wao. Kumbe hawajui namna ya kuzaliana, na maandishi yenye siri ya kuwatengeneza yamekwisha chomwa moto. Washindi wanakwenda kumwomba mzee aliyebaki awasaidie, na mzee naye hajui.

Miaka tisini na kitu baadaye, 2013, Kinshasa ikasimamisha roboti barabarani, roboti hasa, siyo taa iliyopewa jina. Aliyeziongoza ni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, mwana wa ISTA, chuo cha ufundi cha jiji hilo (jina lake ukilisoma haraka unaona "kiongozi"), pamoja na wanawake wenzake wa Women's Technology. Mwili wa alumini, urefu wa mita mbili na nusu hivi, kifua kinazunguka, mikono inanyanyuka na ina taa nyekundu na kijani. Umeme ni wa jua, maana jiji lenyewe umeme wake ni wa kukatika. Mwaka 2015 zikaongezwa nyingine, zikapewa majina kama watu: Tamuke, Mwaluke, Kisanga. Madereva walizisifu kwa jambo moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ataling'amua bila kuelezwa: roboti haina mfuko.

Lakini roboti ile haikimbii. Kamera zake zinamwona dereva anayekata taa, zinapeleka picha kituoni, basi. Wa kumkamata ni mtu.

Huku kwetu mambo yamekaa kinyume: mwenye miguu na macho ni trafiki, taa inajua saa tu. Itawapa kijani dakika nzima watu wa barabara tupu, huku foleni ya upande wa pili imefika mbali. Ndiyo maana trafiki anaingia kati, na sheria inampa haki hiyo. Ila naye ana upofu wake. Anavuta upande mmoja mpaka unakwisha, asijue kwamba magari hayo anakwenda kuyarundika njia panda inayofuata, kwa mwenzake ambaye naye kafunga. Wakati wa mgao wa umeme wa 2006 na ule wa 2011 taa zilizimika, hapakuwa na ubishi wa nani amtii nani.

Jioni moja ya masika nilikwama kwenye njia panda. Taa zimezimika, trafiki hayupo, magari yamefungana kama ukili. Kijana muuza maji akaweka ndoo yake pembeni, akavunja tawi, akaingia katikati. Alisimamisha daladala, akaruhusu malori, akamfokea mwenye gari kubwa jeusi, naye akatii. Baada ya kama nusu saa umeme ukarudi. Taa zikawaka juu ya kichwa chake, upande wetu nyekundu, naye tawi lake lilikuwa linatuita. Dereva wetu akaenda. Aliyetoka upande wa pili, mwenye kijani, akapiga honi ndefu.

Kijana akainua macho, akaiona taa. Akasubiri mpaka ilipobadilika, akashusha tawi, akaenda kuitafuta ndoo yake.